Macho ya Mzee Heberto

Boca Mansa ni kijiji cha nyumba zilizosimama juu ya nguzo ndani ya Ziwa Maracaibo, na watu wake walikuwa wakiogopa vitu viwili: majambazi wa ziwani na ulimi wa Heberto Villasmil. Majambazi walikuja mara mojamoja, wakang'oa mashine za boti, wakaenda zao. Ulimi wa Heberto ulikuwapo kila siku.

Binti yake Egilda alikuwa ameuzoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Yeye ndiye aliyewapikia wageni, na wageni walikuwa hawakosekani, maana Heberto alikuwa mpiga picha wa radi. Pale unapoingia mto Catatumbo ziwani, mbingu hupasuka karibu kila usiku wa mwaka, jioni mpaka alfajiri, na watu wa kijiji hawainui hata kichwa. Mtoto huzaliwa akiiona radi hiyo na mzee hufa akiiona. Heberto peke yake ndiye aliyetambua, angali kijana, kwamba wako watu walio tayari kuvuka nusu ya dunia ili wakeshe wakiitazama. Akajifundisha kamera. Picha zake zikaingia kwenye kalenda, kwenye kuta za hoteli, kwenye magazeti ya nchi za mbali. Wageni wakaja na mikoba yao, wakalala nyumbani kwake kwenye vitanda vya wavu, wakala ndizi za kukaanga na samaki wa nazi wa Egilda, na usiku wakasimama nyuma ya mzee kama wanafunzi.

Mbele yao ulimi ule ulinoga zaidi. Jirani yao, Nerva Soto, alikimbiwa na mumewe, na Heberto akimwona anapita na mtumbwi humwita kwa upole, "Nerva, usilie mama. Hakukukimbia wewe, alikimbia mchuzi wako." Wageni hucheka. Nerva hupiga kasia bila kugeuka.

Lakini aliyechomwa hasa na ulimi huo alikuwa Olinto, mume wa Egilda. Olinto Rangel alitoka milimani, upande wa Mérida, kwenye baridi na mashamba ya viazi. Aliteremka ziwani kutafuta kazi, akampata Egilda, akabaki. Hakujua kuogelea na hakujifunza. Heberto alimpa jina la Mbuzi siku ya kwanza, na jina likakaa. "Mbuzi, washa mashine." "Mbuzi, lete stendi ya kamera, na usiitafune." Wageni wengine walidhani ndilo jina lake la ubatizo. Kuna mama mmoja wa kigeni, mstaarabu sana, alipokuwa akiondoka alimshika mkono akamwambia kwa moyo wote, "Ahsante kwa kila kitu, bwana Mbuzi." Olinto akamjibu, "Karibu tena, mama."

Usiku, kitandani, Egilda alimwuliza kwa nini hajibu.

"Nimjibu nini? Nyumba yake, boti yake, radi yake."

"Radi si yake."

"Mwambie wewe basi."

Olinto alikuwa na siri moja ndogo. Alinunua kwa mgeni kamera iliyochakaa, na mzee akilala mchana yeye huisoma kama mtu anayesoma barua ya mapenzi. Usiku ambao hakuhitajika botini alipiga picha kwenye ubao wa nyuma ya jiko. Nyingi zilikuwa mbovu. Chache hazikuwa mbovu hata kidogo, na hizo alimwonyesha Egilda tu.

Sasa ikaja wiki moja mbingu zikanyamaza. Hutokea. Wageni walikaa wamenuna, wakitazama giza tupu. Heberto, asiyeweza kuvumilia wageni walionuna, akatundika shuka ukutani, akawasha jenereta na projekta, akawaonyesha picha zake za miaka yote. Wakashangilia. Kisha akasema, "Na sasa, wapendwa, tuchekeshane kidogo," akachomoa mfukoni kadi ya kamera ya Olinto.

Egilda alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Aliona picha ya kwanza ikijaa shuka, imetikisika, radi imekuwa kama uzi uliolowa.

"Hii," Heberto akasema, "si radi. Hii ni pumzi ya mkwe wangu baada ya kula maharage."

Wakacheka. Akaweka nyingine.

"Hii ni kidole chake. Tazameni, kidole cha mbuzi, kina kwato." Akaweka nyingine. "Na hii je? Hii nzuri." Kweli ilikuwa nzuri, ulikuwa mwali mmoja mrefu uliopinda juu ya maji kama mkono unaoomba. Heberto akaitazama muda mrefu kidogo kuliko zilizotangulia. "Hata saa iliyokufa," akasema, "mara mbili kwa siku husema kweli."

Olinto naye alicheka. Alicheka mpaka mwisho, kisha akatoka kwenda kufunga boti, na boti ilikuwa imefungwa tangu jioni.

Radi ziliporudi, picha za Heberto zilianza kuharibika.

Hazikuharibika kwa kutisha. Zilikuwa na ukungu tu, kingo za mwali zimelegea, kama kitambaa kilichochanika badala ya kukatwa. Mzee alizikuza kwenye kompyuta alfajiri, akavua miwani, akaivaa, akazikuza tena. Akalaumu unyevu. Akalaumu lenzi, akabadilisha. Akamlaumu Mbuzi kwamba anatembea kwenye mbao kama ng'ombe. Usiku uliofuata yakawa yale yale.

Egilda aliijua sababu siku ya nne, au ya tano. Kamera ya radi haijitafutii umbali yenyewe. Gizani haioni kitu. Kila mchana Heberto aliielekeza kwenye mnazi mmoja wa ng'ambo, akaizungusha pete ya lenzi mpaka makuti yakaonekana moja moja, kisha akaibana pete kwa selotepu isisogee, akaifunga kamera kwenye sanduku, akaenda kulala. Sanduku lilikuwa mzigo wa Olinto. Egilda alipita na sufuria ya samaki akamkuta mumewe amechuchumaa nyuma ya pipa la maji, sanduku wazi mapajani, anaibandua selotepu kwa ukucha, polepole, kama anayemtoa mtoto mwiba. Akaisogeza pete upana wa unywele. Akaibandika tena. Alipoinua macho, mkewe alikuwa amesimama palepale.

Mafuta yalikuwa bado yakichemka kwenye sufuria.

"Imekunjika huku pembeni," Egilda akasema. "Inyooshe. Ataona."

Akaingia jikoni.

Ili mtu aelewe neno lile, lazima amjue Ana Delia. Huyo ndiye aliyekuwa mke wa Heberto na mama wa Egilda. Egilda alipokuwa msichana wa miaka kumi na mitano, mama yake, mjamzito wa miezi michache, alianza kutokwa na damu usiku. Boti ya mashine ya nyumbani alikuwa nayo Heberto, yuko kwenye jukwaa la nyumba moja iliyohamwa, mbali kidogo na kijiji, ndiko anakopigia picha. Wanaume wengine wote walikuwa wamekwenda kuvua. Egilda akashika taa ya mafuta, akasimama kwenye ukingo wa mbao, akaipunga, akaipunga. Alikuwa akiingia kumgeuza mama, anatoka kupunga. Heberto alirudi kumekucha, amelowa, uso unang'aa kwa furaha, anasema "Nimeipata," kabla hajaona kilichomo ndani. Aliapa hakuona taa yoyote. Radi ilikuwa inampofusha. Picha ya usiku ule ndiyo iliyompa jina. Ilitundikwa juu ya meza ya wageni, na Egilda aliifuta vumbi kila Jumamosi.

Alimwamini baba yake kuhusu taa. Alikuwa amejilazimisha kumwamini, maana lazima mtu aishi mahali fulani.

Basi siku moja alfajiri Heberto akamwita chumbani, akafunga mlango. Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, na kwa mara ya kwanza Egilda akamwona amekaa kama mzee.

"Njoo mwanangu. Tazama hii. Usinifurahishe. Niambie unaona nini."

Ilikuwa picha ya mwali uliotawanyika juu ya wingu, mkubwa, na wote umepakazwa ukungu. Hata mtoto angeona.

"Naona radi, baba."

"Kingo zake. Zikoje?"

Egilda akainama karibu na kioo. Alisikia harufu ya baba yake, tumbaku na kahawa. "Kali," akasema. "Kali kama wembe. Kwani wewe unaonaje?"

Heberto akaitazama picha, akamtazama binti yake, akaitazama picha tena. "Hivyo hivyo," akasema. "Nilitaka kuhakikisha tu."

Lakini picha za wageni alikuwa bado akiziona vizuri, na Egilda aliliona shimo hilo la uongo wao kabla ya baba yake. Siku ileile, Heberto alipokwenda kuoga, akachovya ncha ya kidole kwenye mafuta ya nazi, akaipitisha juu ya vioo vya miwani, kiasi kidogo, kama anayempaka mtoto mgonjwa. Mzee aliifuta kwa shati, na shati likayatandaza. Kesho yake akaipaka tena. Ikawa kazi ya asubuhi, baada ya kukanda unga na kabla ya kuchemsha kahawa.

Hofu haikagui ushahidi. Heberto alianza kushika ukuta. Alimwaga kahawa, akasema kikombe kimesogezwa. Alipanda kwenye boti akipapasa kwa mguu. Mbele ya wageni bado alifoka, lakini kufoka kwenyewe kulikuwa kumeingiwa na maji. Alimwita mtu kwa jina la mwingine, na alipoonyeshwa picha alisema "nzuri, nzuri" harakaharaka. Mwishowe akasema mgongo unamsumbua, Mbuzi atawapeleka wageni peke yake. Akamkabidhi kamera. Hakumwangalia usoni alipompa.

Kijiji kikanusa. Watu aliowachoma miaka yote walipata habari kwamba simba meno yametoka, na kila mmoja akaja kupima. Wavuvi walimpigia kelele, "Mzee Heberto, hiyo nguzo uliyoikumbatia ina mumewe." Nerva Soto alisimamisha mtumbwi chini ya baraza kwa makusudi, akamsalimia kwa sauti ya mtu mwingine, na Heberto alipoitikia kwa jina lisilo lake, Nerva akacheka mpaka akashika mbavu. Siku moja mzee alikosa ubao akatumbukia ziwani mchana kweupe. Watu walisimama kwenye nyumba zao wakitazama. Aliogelea mwenyewe mpaka kwenye ngazi, akapanda, akaketi pale juu maji yakimchuruzika. Egilda alikuwa anaanika nguo. Akamalizia kuanika.

Ni Olinto aliyeanza kusutwa na moyo. Picha zake sasa zilikuwa nzuri, wageni walimwita kwa jina lake, na hakuzifurahia.

"Tumwambie," alisema usiku. "Nilitaka aonje tu. Wiki moja. Sikutaka awe hivi."

"Awe vipi? Anakula, analala."

"Egilda, yule anapapasa. Ana macho mazima na anapapasa. Na mimi sijui kwa nini, nimeacha kusogeza pete siku nyingi, lakini yeye anazidi." Mkewe alikuwa kimya namna fulani. "Umefanya nini?"

Akamwambia habari ya miwani. Akaisema kama anayetaja viungo vya mchuzi.

Olinto akaketi kitandani. "Kesho namwambia."

"Mwambie. Nami nitalia niseme sikujua lolote. Nani ataaminiwa, binti au Mbuzi?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo. Olinto akalala akiwa amempa mgongo, na hakumwambia mtu.

Baada ya hapo alikuja Marisela Ocando, na wenzake kutoka mjini Maracaibo, watu wachangamfu wanaopenda kulala mapema. Hakusema kazi yake mpaka asubuhi ya kuondoka, alipomwona mzee akiutafuta mkate wake wa mahindi kwenye sahani kwa vidole.

"Mzee, mimi ni daktari wa macho. Utanikubalia nikutazame?"

"Hakuna cha kutazama, binti. Taa zimezima."

"Basi nitazame giza."

Alikuwa na tochi ndogo kama kalamu. Alimshika kidevu, akamwambia tazama juu, tazama chini, tazama sikio langu. Alichukua muda. Kisha akamvua miwani iliyokuwa imesukumwa juu ya paji, akaiinua kwenye mwanga, akaipitisha kidole, akakisugua kidole kwa kidole. Akakinusa.

"Mzee wangu, macho yako ni ya umri wako, lakini ni mazima. Hii miwani ndiyo imekaangwa." Akacheka, akaenda mwenyewe kwenye ndoo, akaiosha kwa sabuni, akaikausha kwa leso yake, akamvisha kama mtoto wa shule.

Heberto akatazama meza. Akatazama ziwa, mnazi wa ng'ambo, makuti moja moja. Kisha akageuza kichwa taratibu mpaka jikoni, ambako Egilda alikuwa na donge la unga kati ya viganja, analipigapiga. Kando yake palikuwa na chupa ya mafuta ya nazi.

"Niongezee kahawa," Heberto akasema.

Daktari na wenzake wakaondoka na boti ya bandarini, wakipunga mikono. Mchana mzee aliielekeza kamera kwenye mnazi, akaibana pete, akakaa na sanduku katikati ya magoti yake. Olinto alitaka kusema, akafungua kinywa mara mbili. Heberto alikuwa anamtazama kwa utulivu wa mtu anayesubiri samaki.

Jioni wingu lilipanda kutoka milimani, jeusi, na miali ya kwanza ikaanza kuchezacheza tumboni mwake. Heberto akasimama. "Olinto," akasema, na wote wawili walishtuka kwa kulisikia jina hilo mdomoni mwake. "Washa mashine. Leo utapiga wewe, nami nitatazama. Egilda, nawe njoo."

Wakaenda mpaka kwenye lile jukwaa la nyumba iliyohamwa. Paa lilikuwa limekwisha kuliwa na upepo, zimebaki mbao za sakafu na nguzo chache. Olinto akapanda, akapokea stendi ya chuma, akageuka kupokea kamera. Heberto alikuwa ameshika usukani, na boti ilikuwa imeshaachana na nguzo.

"Baba mkwe. Kamera."

"Ya nini? Wewe unajua kusogeza pete. Sogeza za mbinguni." Akaongeza mwendo.

"Mzee, sijui kuogelea."

"Najua."

Egilda alimshika baba yake mkono. Akapigwa kiwiko cha kifua, akakaa chini. Nyuma yao Olinto aliita jina lake, mara moja, kisha mashine ikafunika sauti.

Nyumbani Heberto hakuingia ndani. Alisimika stendi nyingine ukingoni, akafunga kamera, akaielekeza kulekule. Radi ilikuwa imesogea sasa na ngurumo zimeanza kusikika. Ilipomulika, jukwaa lilionekana mbali, dogo kama kiti, na juu yake mtu. Ilipozima, palibaki nukta ya mwanga inayokwenda kulia na kushoto. Olinto alikuwa na tochi.

"Mwendee," Egilda akasema. "Nakuomba. Ilikuwa ni mimi, ile miwani. Yeye alitaka kuacha."

"Najua ilikuwa wewe. Yule hana akili ya miwani." Akabonyeza kamera, akaacha ifunguke. "Hakuna aliyekufunga kamba, mwanangu. Nerva ana boti ya mashine aliyoachiwa na mumewe. Wavuvi wa kule mwisho hawajatoka leo. Nenda ukawagongee. Watakuuliza yuko kule kwa nini. Utawaeleza ulivyompaka baba yako upofu, wao wakimcheka. Watakupeleka. Ni watu wema."

Egilda hakusogea. Upepo ulianza kuleta matone. Ile nukta iliendelea, kulia, kushoto.

"Ni jambo gumu, sivyo?" Heberto akasema. Sauti yake ilikuwa laini kuliko alivyowahi kuisikia. "Unaona taa inapungwa. Unajiambia, nusu saa tu. Unajiambia, labda si kitu kikubwa." Kamera ikajifunga. Akatazama kioo chake, akaridhika, akaifungua tena. "Niliiona, Egilda. Ile taa yako. Niliiona usiku kucha. Lilikuwa wingu ambalo halingerudi."

Aliyasema bila kugeuka, kama anayetaja hali ya hewa. Na Egilda, ambaye angepaswa kumsukuma ziwani, au kupiga kelele, au kukimbia kwa Nerva, alikaa chini kwenye mbao, magoti kifuani. Aliitazama tochi. Mvua ilipokolea alijiambia kwamba baba atachoka atakwenda mwenyewe. Radi ilipopiga karibu na jukwaa, maji yakawa meupe yote, alijiambia kwamba Olinto amelala kifudifudi, mtu wa milimani anajua radi. Alijiambia mengi. Nyuma yake, ndani, taa ya mezani iliwaka muda wote, na hakukumbuka kuizima.

Tochi ilikufa kabla ya mvua kukatika. Hapo ndipo aliposimama, akapita kwenye mbao mpaka kwa Nerva, akagonga.

"Mashine imeharibika," akasema. "Olinto amekwama kule jukwaani."

Nerva akatoka na shuka mabegani, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Boti yenu si ile pale? Na baba yako si yule anapiga picha?"

Nerva alikuwa mwanamke mkali lakini si mpumbavu. Hakuuliza tena, akawasha mashine.

Walimkuta Olinto amelala kifudifudi, mikono imezunguka nguzo, amelowa, anatetemeka kama mashine mbovu. Ile stendi ya chuma alikuwa ameitupa majini. Ubao mmoja ulikuwa umechanika urefu wake wote na bado unatoa moshi. Ilibidi Nerva amfungue vidole kimoja kimoja. Alipoketi botini alimtazama mkewe, nguo zake zilizolowa, nywele zake.

"Niliona taa ya nyumbani," akasema. "Iliwaka usiku kucha. Nikasema, Egilda yuko macho, anakuja."

"Olinto."

"Nilikuona. Kila ikimulika nilikuona umekaa."

Kulipopambazuka Olinto alifungasha nguo zake na ile kamera yake iliyochakaa, akaomba nafasi kwenye boti ya wavuvi wanaokwenda bandarini. Heberto alikuwa mezani na kompyuta, amevaa miwani, anakuza picha. "Safari njema, mkwe," akasema. "Umetoka vizuri hapa, njoo uone." Olinto akapita.

Heberto akarudi kazini kwake, na wageni wakaja. Ulimi ukarudi pia, ukiwa umenolewa; aliwasimulia wageni kwamba alikuwa na mkwe wa milimani aliyekimbia ngurumo. Boca Mansa nzima ilijua kilichotokea, maana Nerva hakuwa na sababu ya kunyamaza, na watu wakaacha kumcheka mzee wakaanza kumwogopa tena. Egilda hawakumwogopa wala kumcheka. Walimpisha njiani. Alipika, akafua, akafuta vumbi. Baba yake aliiosha miwani yake mwenyewe, na usiku aliilalia.

Ngoma za sikukuu ya San Benito zilipopita, mwanzoni mwa mwaka, Egilda alipanda boti ya bandarini na nguo chache kwenye kikapu, kisha basi, kisha lori la viazi lililompandisha milimani mpaka masikio yakaziba. Hakuwahi kuona baridi ya namna ile. Alimkuta Olinto nyuma ya nyumba ya mama yake, anachimba mfereji, amevaa sweta, amenenepa kidogo. Walisalimiana. Alimweleza yote, hata ya wingu ambalo halingerudi, hata ya kukaa kwake, na Olinto alisikiliza mpaka mwisho ameegemea jembe.

Kisha akaingia ndani, akamletea kahawa, moto, na kipande cha mkate wa ngano. Wakakaa kwenye kizingiti mpaka kikombe kikaisha. Akakipokea kikombe, akatazama barabara.

"Lori la mwisho la kuteremka hupita kabla ya ukungu," akasema. "Ukitoka sasa utaliwahi."